Nyanya za Ilula Zinataka Mnunuzi, Si Huruma

Msimu wa mavuno ukikolea, Ilula, wilayani Kilolo, matenga ya nyanya hujaa kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam–Mbeya. Bei huporomoka, na nyingine huozea shambani. Tukisema wenye maduka na wenye viwanda wafunge mikataba ya kudumu ili kazi ya kusindika ibaki hapa nchini, hoja nne hurudi kila mara. Tuzipime.

"Viwanda hakuna." Vipo. Darsh Industries, wenye chapa ya Red Gold, wana kiwanda Ikokoto, Ilula. Iringa kuna Dabaga, jina lililotoka Kilolo hukohuko. Kinachokosekana ni uhakika wa oda. Nyanya ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Kilo moja ya rojo zito hula kilo tano au sita za nyanya mbichi. Mitambo ya kuyachemsha maji hayo ni ghali hata ikiwa imezimwa. Tajiri asiyejua atauza kiasi gani huita vibarua wa msimu; anayejua huajiri. Kampuni ya maduka ya Walmart ilipotaka kufufua viwanda vya Marekani mwaka 2013, ilianza na ahadi ya manunuzi: dola bilioni 50 za ziada kwa miaka 10.

"Bidhaa za nyumbani tayari zimejaa dukani." Geuza chupa, tazama msimbomilia. Ukianza na 620, maana yake namba hiyo imetolewa Tanzania, basi. Haikuambii nyanya zililimwa wapi. Rojo linaweza kuagizwa China kwa mapipa, likachanganywa na kufungashwa hapa. Hapo kazi ya kuchambua, kuosha na kupika nyanya inakuwa imebaki kwa wenzetu. Mkataba wa duka utaje chanzo cha rojo, usiishie kwenye lebo.

"Wakulima hawaaminiki, bei ikipanda wanamuuzia dalali." Hutokea. Lakini mkataba wa kiwanda na mkulima wenye bei moja mwaka mzima unajitakia kuvunjwa. Iwekwe bei ya chini isiyoguswa, na nyongeza soko likipanda. Mzigo upimwe kwa mzani, si kwa tenga la lumbesa, na malipo yasicheleweshwe. Hapo mkulima atathubutu hata kuacha nyanya ngumu ya kuvumilia safari ya Dar, apande ile yenye maji machache inayopendwa na kiwanda.

"Supermarket zenyewe hufa na kuacha madeni." Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote. Supermarket ya Uchumi kutoka Kenya ilifunga maduka yake ya Tanzania mwaka 2015. Nakumatt, iliyochukua maduka ya Shoprite mwaka 2014, nayo ikaanguka, na wasambazaji wakabaki na ankara mkononi. Lakini kilichowaumiza ni kukopesha bidhaa bila kikomo. Dawa ni siku za malipo kuandikwa, adhabu ya kuchelewa kutajwa, na kiwanda kutomtegemea mnunuzi mmoja. Isitoshe, Watanzania wengi hununua duka la mtaani. Kwa hiyo mezani wakae pia wauzaji wa jumla wa Kariakoo, hoteli na shule za bweni.

Mashamba yapo, viwanda vipo, walaji wapo. Mwenye duka anayejinadi kwa uzalendo aache mabango: asaini oda ya mwaka mzima, na alipe ndani ya siku 30.