Panya Aliyekufa Nyumbani



Mama anafagia nyumba asubuhi. Nyuma ya mtungi anaona panya amekufa. Hapakuwa na mtego wala sumu, na paka hakumgusa. Mama anafurahi kwamba mwizi mmoja amepungua. Anamshika mkia na kumtupa migombani, au anamtuma mtoto, kwa kuwa ni kazi ndogo.

Penginepo kosa hilo ni la uchafu tu. Lakini katika Ituri, upande wa Mahagi, Djugu na Aru, laweza kuleta msiba, maana huko ugonjwa wa tauni haujaisha. Mwaka 2020 ulizuka tena katika eneo la afya la Rethy.

Tauni ni ugonjwa wa panya kabla ya kuwa ugonjwa wa watu. Kijidudu chake kisichoonekana kwa macho kiligunduliwa na tabibu Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894. Anayekivusha kutoka kwa panya hata kwa mtu, mara nyingi, ni kiroboto. Yeye hukaa katika manyoya ya panya na kunywa damu yake. Panya akifa, mwili hupoa. Basi kiroboto humwacha na kutafuta mwili mwingine wenye joto. Ni nani aliye karibu? Ni mama yule aliyemshika mkia, au mtoto alalaye chini juu ya mkeka.

Ndiyo maana mahali palipo na tauni haifai kuanza na panya. Wengi wakisikia habari za ugonjwa hukimbilia mitego na sumu. Hapo huua mwenyeji, na wageni wake wenye njaa hutawanyika nyumbani mwote! Kwanza dawa ya viroboto itiwe nyumbani, kama watumishi wa afya wanavyoagiza. Ndipo panya wauawe.

Basi, mama, ukikuta panya amekufa bila sababu, waondoe watoto, tena usimguse kwa mkono. Mpashe habari muuguzi wa zahanati, hasa kama majirani nao wameona mizoga. Ikikulazimu kumwondoa mwenyewe, mnyunyizie kwanza dawa ya wadudu, kisha mchukue kwa koleo lenye mpini mrefu na kumzika katika shimo refu.

Paka je? Ni msaidizi mwema, lakini naye huweza kupatwa na tauni na kubeba viroboto. Asilale na watoto.

Mtu akishikwa ghafula na homa kali, na tezi ikavimba na kuuma kinenani, kwapani au shingoni, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo. Dawa zipo, nazo huponya zikitolewa mapema. Ugonjwa ukiingia mapafuni, mgonjwa huweza kuwaambukiza wengine kwa kukohoa, na asipotibiwa upesi hufa.

Limebaki jambo la chakula, kwani panya hukaa palipo na chakula. Familia nyingi huweka mahindi na maharagwe katika chumba cha kulala kwa kuogopa wezi. Siwalaumu, wezi wapo. Lakini nafaka iwekwe katika pipa la bati lenye kifuniko, au katika ghala lililoinuliwa juu ya nguzo, kila nguzo ikivikwa kofia ya bati ambayo panya hawezi kuivuka.