Sauti ya Nguvu Si Sauti ya Karibu

Kabla simu za mkononi hazijaenea, misheni, hospitali na wafanyabiashara wengi wa Kongo walipashana habari kwa redio ya mawimbi mafupi iitwayo foni. Waya uliotundikwa juu ya miti ulitosha kumwita daktari aliye mbali mwendo wa siku nyingi. Leo, katika Kolwezi na miji mingine ya shaba ya Lualaba, simu za mkononi zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, lakini njia zile za zamani hazikubaki tupu. Afunguaye redio jioni aweza kusikia kwa ghafula sauti ngeni, wazi kana kwamba msemaji yu nyuma ya ukuta.

Hapo ndipo hofu huingia. Mwezi wa Mei 1978 vita iliingia Kolwezi, na watu wengi wakauawa. Mji ulioonja hayo hushtuka upesi. Kwa hiyo yafaa tujue sauti hizo zatoka wapi.

Juu yetu, tangu kilometa 80 hivi hadi mamia kadhaa, jua huitia umeme hewa nyembamba. Eneo hilo laitwa ionosfea. Mawimbi mafupi yakifika huko hupindwa, yakarudi chini mbali sana. Mwingereza Edward Appleton alianza kulithibitisha jambo hili mwaka 1924, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1947. Mchana tabaka la chini hunyonya sehemu ya mawimbi. Usiku hutoweka, na sauti za mbali huja. Jua nalo lina majira ya miaka 11 hivi: madoa yake yakizidi, mawimbi hufika mbali zaidi. Mwaka 2024 wataalamu walitangaza kwamba limefika kipindi cha kilele.

Tena mawimbi hayo huruka. Kati ya yanapotoka na yanapotua hubaki nchi isiyosikia kitu. Hivyo mtu wa Kolwezi aweza kumsikia msemaji aliye ng'ambo ya mipaka mingi, asimsikie aliye Likasi. Nguvu ya sauti haipimi umbali.

Basi tufanyeje? Sikio halilali na njaa, wasema wahenga. Lakini si kila lilichookota lapaswa kugawiwa majirani. Mzazi asiwaamshe watoto kwa habari asiyoipima. Aandike saa, lugha, na namba iliyoonyeshwa na redio, kisha asikilize tena kesho.

Walakini tusizime redio kwa haraka. Yawezekana ni mtu aombaye msaada, na walio karibu naye hawamsikii kwa sababu ile ile tuliyoeleza. Wewe uliye mbali waweza kuwa msikizi wake wa pekee. Ukisikia hivyo, wapashe wenye mamlaka mara moja, ukitaja yale uliyoyasikia, wala usiongeze neno.