Kanuni inayokagua tu haijapimwa

Katika kitivo chetu, mwanafunzi huandika kanuni ya fonolojia, huweka mifano kumi chini yake, kisha hufungua ukurasa mwingine. Kwa maoni yangu kanuni hiyo bado haijapimwa, kwa sababu mifano aliichagua mwenyewe. Tuiache kanuni itunge maneno, ndipo tutaona inaruhusu nini.

Tuchukue kauli ya kutendea ya Kiswahili. Kanuni ya kwanza: shina liwe konsonanti, irabu, konsonanti. Ya pili: kifuate i au e, kisha a ya mwisho. Ya tatu ni upatanifu wa irabu: i baada ya a, i, u, e baada ya e, o. Kila moja ni regeksi fupi. Moduli ya re ya Python hukagua tu, haitungi. Kwa hiyo programu hupanga herufi kwa kila namna, kisha hubakiza mifuatano inayokubaliwa na regeksi zote. Kwa konsonanti p, t, k peke yake, kanuni mbili za kwanza hutoa mifuatano 90. Ya tatu hubakiza 45. Pikia na katia zimo, pikea imeondoka. Lakini kepea imo pia, nami sijawahi kuisikia. Potea nayo imo, ingawa maana yake si ya kutendea.

Njia hii si ngeni. Kimmo Koskenniemi alieleza mwaka 1983 mofolojia ya kanuni zinazotimizwa zote kwa pamoja, na mwaka 1992 Arvi Hurskainen akaitumia kwa Kiswahili.

Nilipoijaribu kwa Kitembo cha kwetu Bunyakiri, nilimsomea orodha mama mmoja mzee. Maneno mengi aliyakataa kabla sijamaliza kuyatamka, na kwa kukataa kwake nikagundua kanuni niliyokuwa nimeisahau. Mengine aliyajua, nami sikuwa nayo daftarini.

Ila kuna hatari. Neno la uongo la Kiswahili litachekwa na mamilioni. La Kitembo likiingia katika orodha, nani atalitoa? Mtoto aliyekulia Bukavu atalisoma akidhani ni la babu zake.

Kwa hiyo naomba walimu wetu mambo mawili. Kila memwari ya fonolojia iambatane na maneno yaliyotungwa na kanuni zake. Na kila neno libaki na nyota yake mpaka msemaji alikubali.