Baiskeli ya Jumamosi na Haki ya Watoto

Anayepita Barabara ya Bagamoyo Jumamosi au Jumapili asubuhi na mapema hatakosa kuwaona. Ni wanaume wa makamo kwa wingi wao, na wanawake wachache kati yao, wamevaa kofia ngumu, wamejipanga mstari mmoja ukingoni mwa lami, wanapiga pedali kuelekea Bunju na kwingineko. Hawa si wachezaji wa kulipwa. Ni wahasibu, walimu, wafanyabiashara na watumishi wa serikali, ambao siku 5 za wiki huzimalizia juu ya viti vya ofisi na ndani ya foleni, na siku 2 zinazosalia huzitafutia pumzi.

Sisi si miongoni mwa wanaowacheka. Shinikizo la damu na kisukari vimekuwa wageni wasioondoka katika nyumba zetu, na aghalabu chanzo kimojawapo ni maisha ya kukaa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, au mazoezi makali kwa dakika 75 hadi 150. Baiskeli yatimiza hayo vizuri. Haiumizi magoti kama mbio za miguu, na mwili uliolegea huitii taratibu hata ukakaza. Baba anayeulinda mwili wake anawalindia watoto wake mlezi.

Lakini neno letu la wiki hii halihusu faida hizo. Lahusu malalamiko yanayosikika kwa sauti ya chini katika nyumba nyingi, hasa kutoka kwa akina mama, kwamba tangu baiskeli iingie nyumbani, mwisho wa juma umetoka. Tuyatazame malalamiko haya kwa haki, pasi na kumwonea yeyote.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa hesabu haina upendeleo. Kutoka katikati ya jiji la Dar es Salaam hadi mjini Bagamoyo na kurudi ni zaidi ya kilomita 120. Mwendeshaji wa kawaida, aliyezoea kiasi, huenda kilomita 25 kwa saa barabara ikiwa tambarare. Hapo pana karibu saa 5 juu ya tandiko. Ongeza kituo cha chai, pancha moja, na kumngoja mwenzake aliyebaki nyuma, zimekuwa saa 6. Aliyetoka saa 12 asubuhi anarudi saa 6 mchana. Anaoga, anaswali adhuhuri, anakula, kisha analala, maana mwili uliotumia akiba yake yote ya nguvu hauna hiari katika jambo hilo. Anapoamka ni alasiri. Na kesho yake, Jumapili, kundi lina safari nyingine.

Sasa tuitazame hesabu ya upande wa mtoto. Jumatatu hadi Ijumaa baba ametoka kabla mtoto hajaamka, ili awahi foleni, na amerudi mtoto yuko kitandani au yu karibu kulala. Jumamosi asubuhi mtoto huyo ana madrasa, na akirejea anakuta nyumba imenyamaza. Anaambiwa, “Usipige kelele, baba amelala.” Mtoto wa miaka 6 hajui tofauti ya uchovu wa mazoezi na kutotakiwa. Anajua tu kwamba kuna kitu chenye magurudumu mawili, kinapanguswa kila Ijumaa usiku kwa kitambaa safi na kutiwa mafuta kwenye mnyororo, na kwamba kitu hicho kinapewa muda ambao yeye haupati.

Yuko pia mama, ambaye hesabu yake haiandikwi popote. Saa zote hizo ambazo baba yuko barabarani, kuna mtu anayepika, anayefua sare za shule, anayewapeleka watoto na kuwarudisha. Mazoezi ya mtu mmoja katika nyumba yenye watoto wadogo hulipiwa na mtu mwingine. Si vibaya kulipiana, kwani ndoa yenyewe ni kubebana. Vibaya ni deni kuchukuliwa bila kuombwa, na kulipwa na mmoja tu mwaka mzima.

Tunakumbuka kisa kinachojulikana sana, kilichopokewa katika Sahihi ya Bukhari, cha Salman na nduguye Abu Dardaa. Salman alipomtembelea alimkuta mke wa mwenziwe hakujitengeneza, akafahamu kuwa mumewe amezama katika saumu za mchana na visimamo vya usiku hata akawa hana haja na mambo ya nyumbani. Salman akamtaka ale, akamtaka alale, kisha wakaamka pamoja mwisho wa usiku. Akamkumbusha kuwa Mola ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na ahli zake wana haki, basi kila mmoja apewe yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamsadikisha Salman. Ikiwa ibada ya sunna iliwekewa mpaka kwa ajili ya mke aliye nyumbani, baiskeli itadai ruhusa ipi? Lakini kisa hicho hakimwonei mwendeshaji, kwa sababu nafsi nayo imetajwa kuwa na haki. Kwa hiyo mama asiseme kwamba mazoezi ni upuuzi, wala baba asiseme kwamba nyumba itajiendesha.

Wako wanaodhani kwamba ukali wa mazoezi ndio unaomzuia mtu kuwa na familia. Tuutazame mfano wa mchezaji wa kweli. Mwezi Machi 2022, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda mashindano ya Gent–Wevelgem nchini Ubelgiji, ushindi uliomfanya atajwe dunia nzima. Jumapili iliyofuata yalikuwa mashindano makubwa zaidi, ya Flanders, na wengi walitamani kumwona humo. Yeye alishikamana na mpango wake wa kurudi Asmara kwa mkewe na binti yake mdogo, ambao hakuwa amewaona kwa muda wa miezi. Miaka 2 baadaye, katika Tour de France ya 2024, alishinda hatua 3 na kuvaa jezi ya kijani hadi mwisho. Kurudi nyumbani hakukumpunguzia kitu. Ikiwa mtu ambaye baiskeli ndiyo riziki yake aliweza kusema “wiki hii ni ya nyumbani”, mhasibu wa Mikocheni hashindwi.

Basi ifanyweje? Tunapendekeza mambo machache, yaliyo katika uwezo wa kila nyumba.

La kwanza, ratiba ipangwe na wawili. Alhamisi usiku baba na mama wakae, waulizane nani ana nini mwisho wa juma huu, yaani arusi, mgonjwa wa kutembelewa, kikao cha shule au madrasa. Mazoezi yawekwe baada ya hayo kutajwa, na saa ya kurudi itajwe kabla ya saa ya kutoka. Kundi likichelewa, mwenye ahadi ageuze baiskeli peke yake. Mwenzi anayeaminiwa kwa saa huombewa dua, hanuniwi.

La pili, siku iwe moja, na safari iwe fupi. Aliyeswali alfajiri na kutoka saa 12, wakati mwanga umeshaenea na malori bado ni machache, akienda kilomita 50 kwa mwendo ule ule wa 25 kwa saa, amerudi saa 2 na robo. Watoto ndio kwanza wanakunywa chai. Jua halijawa kali, na mwili haujaisha kabisa. Siku ya pili ya mapumziko ibaki ya nyumba, bila sharti.

La tatu, kasi ijengwe katikati ya wiki. Wengi hudhani mwili hupata nguvu kwa umbali peke yake, ilhali vipindi vifupi vya nguvu nyingi huukuza moyo na mapafu kwa muda mdogo. Dakika 10 za kupasha mwili moto, kisha dakika 4 za kukaza mara 4, zikitenganishwa na dakika 3 za kwenda polepole, na dakika 10 za kupoza, jumla yake ni dakika 45. Mara 2 kwa wiki zatosha kwa mtu asiye na mashindano mbele yake. Mwenye maradhi ya moyo au shinikizo la damu, au aliyekaa miaka mingi bila mazoezi, amwone daktari kabla ya kukaza.

La nne, mama naye awe na zamu yake. Ikiwa Jumamosi asubuhi ni ya baba, Jumapili asubuhi iwe ya mama. Atembee, aende darasani, amtembelee nduguye, au alale tu. Na katika zamu hiyo baba asimpigie simu kuuliza sukari iko wapi.

La tano, na hili ndilo tamu kuliko yote, watoto waingizwe ndani ya baiskeli yenyewe. Kumfundisha mtoto hakuhitaji kumkimbiza kwa nyuma ukimshika tandiko. Shusha tandiko mpaka nyayo zake zikanyage chini zote mbili, zifungue pedali, ukikumbuka kuwa ya kushoto hufunguka kinyume na ya kulia, kisha mwache ajisukume kwa miguu katika uwanja wenye mteremko mdogo, akitazama mbele. Akishaweza kuinua miguu na kuteleza bila kuyumba, mrudishie pedali. Binti naye apewe zamu sawa na kaka yake, nguo ndefu ikifungwa isishikwe na mnyororo. Jioni 2 au 3 baada ya alasiri mara nyingi hutosha, na hakuna mtoto anayemsahau aliyemfundisha.

Wapo wenye mashindano, nao tunawafahamu. Kujiandaa kwa safari ndefu hudai wiki kadhaa zilizo nzito. Basi muda huo uwe na mwanzo na mwisho unaojulikana na nyumba nzima, kama safari ya kikazi, na ukiisha uishe. Kinachochosha familia ni msimu usio na ukomo, ambao kila mashindano yakipita yametajwa mengine.

Husemwa pia kwamba baba mwenye nidhamu ya mazoezi ni mfano kwa wanawe. Ni kweli, maadamu wanamwona. Mtoto huiga anachokishuhudia: baba anayerudi saa aliyosema, anayeosha baiskeli akiwa na mwanawe kando ameshika kitambaa, anayejua jina la mwalimu wake wa madrasa na sura aliyofikia. Miguu yenye nguvu tunaitaka, lakini tunaitaka nyumbani pia, ipande ngazi na kukimbia uwanjani na walio wadogo, kabla hawajakua na kuwa na shughuli zao wenyewe za Jumamosi.

Wabillahi tawfiq.