Kilosa, 1916: Vita vya Siri Visivyokuwa na Majina Yetu

Majeshi ya Washirika chini ya Jenerali Jaap van Deventer yaliingia Kilosa tarehe 22 Agosti 1916. Siku nne baadaye Morogoro ikatekwa, na Septemba 4 ikawa zamu ya Dar es Salaam. Katika vitabu vingi vya Vita Kuu ya Kwanza, Kilosa haipati zaidi ya sentensi moja: kituo cha reli kimechukuliwa, jeshi linasonga mbele. Nadhani sentensi hiyo imetunyima mengi. Ukitaka kuelewa namna Mataifa Washirika walivyopata habari za adui katika nchi hii, na nani aliyeilipia kazi hiyo, Kilosa na njia ya kushuka Mikumi ni mahali pazuri zaidi pa kuanzia kuliko makao makuu ya Nairobi.

Tuanze na reli. Reli ya Kati ilikuwa mpya kabisa. Ilifika Kigoma mwaka 1914, miezi michache kabla ya vita kuanza. Kwa utawala wa Kijerumani ilikuwa uti wa mgongo wa koloni, na magharibi ya Kilosa uti huo unapita mahali pembamba, ndani ya bonde la Mto Mkondoa, kwenye madaraja na makalvati mengi. Wakazi wa huko hawahitaji kuelezwa udhaifu wa kipande hicho. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliizoa njia na kuukatisha usafiri wa treni bila baruti hata kidogo. Mwaka 1916 baruti ilikuwepo. Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma waliyalipua madaraja, na vikosi vya Washirika vikalazimika kuyaunga kwa magogo na kufunga magurudumu ya reli kwenye malori ili angalau chakula kipite.

Kwa haki ya historia, hujuma na upelelezi katika vita hivi havikuwa vya upande mmoja. Mwaka 1915 doria za Kijerumani kutoka upande wa Kilimanjaro zilikuwa zikivuka nyika na kutega mabomu kwenye Reli ya Uganda. Washirika nao walikuwa na Pieter Pretorius, mwindaji wa tembo kutoka Afrika Kusini, aliyetumwa kuichunguza manowari ya Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji. Alipima vina vya maji na kufuatilia kupwa na kujaa, na tarehe 11 Julai 1915 manowari hiyo ikaangamizwa. Pretorius anajulikana kwa jina. Wenyeji wa Rufiji waliomwonyesha mikondo, ambao bila wao asingeingia wala kutoka, hawajulikani.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Ujasusi wa Washirika katika Afrika Mashariki ulikuwa kazi ya Waafrika iliyoandikwa kwa majina ya Wazungu.

Uingereza ilijifunza thamani ya kazi hiyo kwa aibu. Mwezi Novemba 1914 ilishusha Tanga askari wapatao 8,000 kutoka India, ikashindwa na kikosi cha kamanda wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, kilichokuwa na watu kama 1,000. Habari za safari hiyo zilikuwa zimevuja kabla meli hazijatia nanga. Baada ya fedheha hiyo, idara ya ujasusi ya Nairobi ilikabidhiwa kwa Kapteni Richard Meinertzhagen, ambaye aliiongoza hadi mwishoni mwa 1916. Yeye ndiye aliyesimulia kwamba karatasi walizotumia maofisa wa Kijerumani chooni, barua, ramani na maagizo, ziliokotwa na watumishi Waafrika na kuletwa mezani kwake. Alisimulia pia kwamba alimwandikia barua ya shukrani, pamoja na fedha, Mwarabu mmoja aliyekuwa jasusi hodari wa Wajerumani, akahakikisha barua inaangukia mikononi mwa Wajerumani wenyewe, nao wakamuua mtu wao wakidhani ni msaliti.

Simulizi hizi zinavutia, na kwa miaka mingi zimerudiwa kana kwamba ni ushahidi. Lakini Meinertzhagen hakuwa shahidi wa kuaminiwa. Alikuwa pia mtaalamu wa ndege, na katika miaka ya 1990 wachunguzi wa mkusanyo wa ndege alioukabidhi kwa jumba la makumbusho la Uingereza waligundua kwamba aliiba vielelezo vya watu wengine na kuvibandika maelezo ya uongo. Mwaka 2007 mwandishi Brian Garfield alichapisha kitabu kizima kinachozipinga shajara zake, ikiwemo sifa aliyojitwalia kuhusu mkoba wa nyaraka bandia uliotupwa kuwahadaa Waturuki kule Palestina mwaka 1917. Mtu aliyedanganya kuhusu ndege waliokufa hatuwezi kumwachia peke yake historia ya watu wetu.

Hata tukiyakubali nusu ya maneno yake, bado kuna swali ambalo yeye hakulijali. Nani aliinama kuokota zile karatasi? Nani alizibeba usiku kupita doria za askari? Akikamatwa, sheria za kulinda mateka hazikumhusu. Mti na kamba ndivyo vilivyomngoja.

Wajerumani walijua kwamba Waafrika ndio macho ya adui, na hofu hiyo iliwaponza hata wasiohusika. Walimu Waafrika wa misheni za Kiingereza walishukiwa kwa sababu tu walisomeshwa na Waingereza. Martin Kayamba, aliyesoma katika shule ya misheni ya Kiungani, Zanzibar, alikuwa Tanga vita vilipoanza. Alikamatwa na kufungwa, akaachiwa huru baada ya Wabelgiji kuiteka Tabora mwezi Septemba 1916. Baadaye aliyaandika maisha yake mwenyewe, na ndiyo maana leo tunamtaja. Kaskazini ya Kilosa, katika Ukaguru, misheni ya Kiingereza ya CMS ilikuwa na vituo vyake Mamboya na Berega. Kujua kusoma barua katika vijiji vya namna hiyo kulikuwa tayari ni sababu ya kutiliwa shaka.

Baada ya Kilosa kutekwa, kikosi cha Kijerumani cha Meja Kraut kilirudi kusini kuelekea Kidodi na Mto Ruaha Mkuu. Huko hapakuwa na reli wala simu ya waya ya kutegemea. Ni nchi ya mbung'o, mbuga na miinuko, ambayo leo wageni huipita kwa magari wakitazama tembo katika Hifadhi ya Mikumi. Mwaka 1916 farasi na ng'ombe wa jeshi la van Deventer walikufa wengi mno kwa ndorobo, na askari waliobaki walidhoofishwa na malaria na njaa. Jeshi la namna hiyo haliwezi kujua kisima kipo wapi, njia ipi inavukika, wala adui kalala bonde gani, isipokuwa kwa mdomo wa Msagara au Mvidunda aliyezaliwa hapo.

Kwa nini mtu huyo aseme? Wapo wanaomwona msaliti, na wapo wanaomwona rafiki wa ukombozi. Mimi naona wote wawili wanamvika nguo isiyo yake. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimefika pande za Kilosa na Vidunda miaka 11 tu kabla ya hapo, na utawala wa Kijerumani ulivizima kwa kuchoma ghala na mashamba. Mwenye kumbukumbu hiyo alikuwa na sababu ya kutaka Mjerumani aondoke, na sababu ileile ya kumwogopa anayekuja. Akimwongoza Mwingereza leo, kesho Mjerumani anaweza kurudi. Akikataa, anabebeshwa mzigo au anapigwa. Uchaguzi wake haukuwa kati ya dola mbili. Ulikuwa wa kuviondoa vita kijijini kwake kabla chakula hakijaisha.

Na chakula kiliisha. Wapagazi waliokufa upande wa Uingereza wanakadiriwa kuwa takriban 95,000, wengi wao kwa kuhara, homa na kukosa lishe. Katika Ugogo, jirani ya Kilosa, uporaji wa nafaka, mifugo na nguvukazi uliofanywa na majeshi yote mawili ulikutana na ukame ukaleta njaa inayoitwa Mtunya, kati ya 1917 na 1920. Makadirio ya wakoloni wenyewe yalitaja vifo 30,000. Homa kali ya mafua ya 1918 ikamalizia.

Sasa swali la umma: je, Tanzania iwakumbuke watu hawa, na iwakumbuke kama nani? Hoja ya kukataa ina uzito. Vita havikuwa vyetu, na kumwita mpelelezi wa Mwingereza shujaa wa taifa ni kuipamba dola iliyomtumia. Tazama Ethiopia. Mwaka 1940 Uingereza ilipeleka huko ujumbe wa siri ulioitwa Mission 101 kuwasaidia wazalendo dhidi ya Italia. Miongoni mwa waliokufa humo alikuwa Arnold Wienholt, Mwaustralia aliyewahi kuwa mpelelezi katika vita vya nchi yetu. Mei 5, 1941 Haile Selassie akarudi Addis Ababa, na hadi leo siku hiyo ni sikukuu ya wazalendo wa Ethiopia, wenye majina na picha zao. Wao walipigania nchi yao. Wa Kilosa hawakuwa na bendera yao upande wowote.

Naikubali tofauti hiyo, na kwa sababu hiyo siombi waongezwe kwenye orodha ya mashujaa wanaokumbukwa Siku ya Mashujaa, Julai 25. Lakini kutokuwa shujaa si sababu ya kufutwa. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu kati ya 116,000 na 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, huenda hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Januari 2025 ukumbusho wenye majina zaidi ya 1,700 ya wafanyakazi Waafrika wa vita hivyo ulizinduliwa Cape Town. Kwetu bado tunategemea Sanamu ya Askari pale Posta, iliyosimamishwa na Waingereza mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi, ila sanamu yenyewe ni ya mwenye bunduki.

Kazi inayohitajika si ya gharama kubwa. Treni ya SGR sasa inasimama Kilosa, na maelfu ya wasafiri wanapita hapo. Ubao mmoja wa maelezo kituoni, na mwingine kwenye lango la Mikumi, ungetosha kueleza yaliyotokea mwaka 1916. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili linaweza kumtaja Meinertzhagen pamoja na uongo wake, ili wanafunzi wajue kupima shahidi. Na Makumbusho ya Taifa, pamoja na halmashauri ya Kilosa, yatume watu kata ya Ulaya wilayani humo, Kidodi, Vidunda na Mamboya kuwahoji wazee ambao babu zao walibeba mizigo au kuonyesha njia, na yaandike majina ya koo na vijiji kama yanavyosemwa huko. Waliosikia habari hizo moja kwa moja kutoka kwa waliozishuhudia sasa ni wazee sana. Kazi hii ianze mwaka huu.