Nimefurahi, si Nitafurahi

Katika kitivo chetu kuna sentensi inayosikika kila siku: oditwarini, kwenye foleni ya minervali, ndani ya basi la jioni. Inaanza kwa "nikimaliza". Nikimaliza lisansi, nitapumzika. Nikipata kazi, nitasoma riwaya ninazozipenda. Nikipata mshahara, nitakaa vizuri na wazazi wangu. Sarufi yake ni safi, lakini hesabu yake inanitia hofu.

Tuipige hesabu hiyo pamoja, ndugu wasomaji. Mfumo wa LMD unatupa miaka 3 ya lisansi na 2 ya masta. Sote tunajua kwamba mwaka wa masomo nchini mwetu huvutika kama mpira. Baada ya diploma kuna kusubiri kazi. Na wako walimu wanaoingia darasani kila asubuhi huku wakingoja majina yao yaandikwe kwenye orodha ya mishahara ya Serikali. Aliyeanza kusema "nikimaliza" akiwa na miaka 19 anaweza kufika 30 bado anaisema.

Tena kesho haijawekeana mkataba na mtu. Vita vilipofika Goma Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, vilikuta wanafunzi kama sisi wenye mipango kama yetu. Mipango mingi ilivunjika. Yale waliyokuwa wameyasoma kwa kupenda, na urafiki waliokuwa wameujenga, hayo hayakuvunjika kwa namna ile ile, kwa sababu yalikuwa yamekwisha kuishiwa.

Sisi tunaosoma lugha tungepaswa kuliona jambo hili mapema. Aliyepata habari njema husema "nimefurahi". Kiambishi -me- tumefundishwa kuwa ni cha tendo lililotimia, lakini hapa kinataja hali iliyopo sasa, kama katika "amelala" au "amesimama". Furaha imefika na bado ipo. Kwetu Lubumbashi watu husema "niko nasoma", na mwalimu wa Kiswahili sanifu huweka alama nyekundu. Mimi naipenda sentensi hiyo: kabla ya kutaja kazi, mtu anasema kwanza kwamba yupo. Nao wenzetu wa Lingala wana neno moja, "lobi", kwa jana na kwa kesho. Kitenzi ndicho kinachoonyesha ni ipi. Leo ina neno lake peke yake, "lelo".

Profesa wa isimu atanikatiza hapa: sarufi haiamui namna watu wanavyoishi, na Kiswahili kina -ta- pia. Nakubali. Naichukua kama ukumbusho tu. Lakini hata Aristotle alitumia nyakati za kitenzi kueleza jambo hili. Anayejenga nyumba bado hajaijenga. Kazi yake itapata maana siku ya paa. Anayeona, papo hapo ameona. Tendo lake halingojei kitu. Swali langu kwa kitivo ni hili: kusoma kwetu ni kujenga au ni kuona?

Nadhani ni yote mawili, nasi tumebakiza moja. Diploma ni nyumba, na inajengwa polepole. Lakini kuielewa methali ambayo bibi aliitumia miaka yote bila kuifafanua, au kugundua kwa nini mama wa soko anachanganya Kiswahili na Kifaransa katika bei moja, hilo linatimia saa ile ile. Anayelisukuma mpaka baada ya mtihani hulipoteza, kwa sababu baada ya mtihani silabusi huuzwa au hufungiwa vitumbua.

Kuna pingamizi zito zaidi, na silidharau. Mama aliyeuza makala na unga ili nilipiwe minervali hakunituma chuoni nikafurahi. Alinituma nikapate kazi. Furaha haijazi sahani ya bukari. Ni kweli, na sisemi tuache malengo. Nasema kwamba mwanafunzi anayependa anachokisoma leo haibii familia yake chochote. Anafanya mtihani ule ule, anapata karatasi ile ile, ila anatoka na lugha kichwani. Anayengoja tu anaweza kutoka na karatasi peke yake, na hiyo ndiyo hasara ambayo mama hakuilipia. Zaidi ya hayo, mama mwenyewe hangojei diploma yangu ndipo acheke na wenzake sokoni. Anacheka leo, juu ya gunia lile lile.

Kwa walimu wetu nina ombi dogo: saa moja kwa juma, tusome matini kwa sauti, matini ambayo haitaulizwa mtihanini na haina pointi. Wanafunzi watakaokuja watakuwa wachache mwanzoni. Waacheni hao wachache waanze.

Kwa wenzangu nina dogo zaidi. Leo jioni, kabla ya kufungua daftari kutafuta kitakachoulizwa, tafuteni katika ukurasa ule kitu kimoja kinachowapendeza. Mtihani una tarehe yake. Ukurasa uko mezani sasa.