Viti vya motaboti: Usishone kabla ya kufunua

Ukivuka Likoni kwa feri na kushika barabara ya Lunga Lunga, ukazipita Ukunda, Gazi na Msambweni, hatimaye utafika mahali pa kukunja kushoto kuelekea Shimoni. Huko ndiko wageni wanakopandia vyombo kwenda kisiwa cha Wasini na hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti kutazama pomboo na matumbawe. Na huko ndiko nilikopata somo ambalo leo ningependa tugawane, hata kama wewe huna motaboti wala hutarajii kuwa nayo.

Nilimkuta mzee mmoja kando ya chombo chake. Ulikuwa msimu wa kusi, bahari imechafuka, na vyombo vingi vilikuwa vimepandishwa pwani wakati wa bamvua vikafanyiwe matengenezo. Motaboti yake ni ya faiba, ya miaka mingi, yenye mabenchi mawili ya abiria ubavuni na kiti cha nahodha mbele ya usukani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha nilipotaka kukaa akanizuia. "Usikae hapo, mwanangu. Utainuka umelowa."

Kweli, viti vilikuwa vimechoka. Ngozi bandia ilikuwa imekakamaa na kupasuka, na sponji la manjano lilichungulia kwenye nyufa. Mzee alinieleza kwamba wageni huviangalia viti kwanza. Wakiona vimeraruka, huhamia chombo cha jirani. Na pesa za wageni wa Desemba ndizo karo ya wajukuu wake Januari.

Jambo lililomuudhi zaidi ni kwamba viti hivyo vilishonwa upya mwaka uliotangulia tu. Fundi mmoja wa makochi alikuja na kitambaa king'aacho, akakivalisha juu ya kile cha zamani, akapiga pini na kwenda zake. Haukupita msimu mmoja kabla ya mishono kuachia.

Safari hii aliitwa fundi mwingine aliyezoea vyombo vya bahari. Huyo alikataa kupima chochote hadi kila takia ling'olewe. Nilikuwapo yalipong'olewa. Sponji lilikuwa zito kwa maji, likinuka uvundo. Mbao za plaiwudi zilizolibeba zilikuwa zimeachana tabaka kwa tabaka mithili ya kitunguu, na fundi akapenyeza bisibisi kwenye moja bila kutumia nguvu. Chini yake palikuwa na mpira wa petroli uliojaa nyufa, na jaketi za kuokoa maisha zilizolowa, kamba zake zikikatika mkononi.

Mzee alinyamaza kwa muda. Kisha akasema polepole, "Na hapa ndipo ninapowakalisha watoto."

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Viti vya chombo pia ni hivyo. Kitambaa kilichopasuka ni dalili tu. Ugonjwa umo chini yake, na anayekifunika bila kufunua huwa ameuficha, hajautibu.

Kwa nini viti vya baharini huoza upesi kuliko kochi lako la sebuleni? Sababu ya kwanza ni jua. Ngozi bandia ya plastiki hulainishwa kwa kemikali maalumu. Jua na joto huzitoa kemikali hizo kidogo kidogo, na kinachobaki ni plastiki kavu inayovunjika ikikaliwa. Hata mafuta ya kujikinga na jua na dawa za kufukuza mbu wanazojipaka wageni huweza kuiharibu au kuitia madoa.

Sababu ya pili ni sponji. Sponji la kawaida la makochi lina vijitundu vilivyoungana, sawa na lile la kuoshea vyombo jikoni. Maji yakipenya kwenye tundu moja la mshono, husambaa kote. Na kwa kuwa ngozi bandia haipitishi hewa, maji hayo hayatoki tena. Huko ndiko kuvu inakozaliwa na mbao zinakoanza kuoza. Lipo sponji la aina nyingine ambalo kila kijitundu kimejifunga peke yake, na maji hayaingii. Unalijua tayari, kwani ndara zako za kuogea zimetengenezwa kwa namna hiyo, na ndiyo maana huelea zikiangukia majini. Zamani wazee wetu walijaza magodoro kwa sufi, na sufi hiyo hiyo ilijazwa ndani ya jaketi za mabaharia kwa sababu huelea vizuri.

Sababu ya tatu ni uzi na pini. Uzi wa pamba huoza. Uzi wa nailoni una nguvu, lakini jua huudhoofisha kuliko uzi wa poliesta. Pini za chuma cha kawaida nazo hushika kutu, na kutu hiyo hula kitambaa na mbao pamoja.

Basi kazi ifanywe vipi? Fundi yule aliifanya kwa utaratibu ambao hata mwanafunzi anaweza kuufuata.

Kwanza, aliandika alama kwenye kila takia ili ajue linarudi wapi, akafumua mishono ya kitambaa cha zamani bila kukirarua. Vipande hivyo vikawa kielelezo cha kukatia vipya. Asiyefanya hivyo hukisia, na kukisia hula kitambaa.

Pili, kabla ya kugusa cherehani, alishughulikia kilichokuwa chini. Mpira wa petroli ulibadilishwa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Huteremka na kutuama chini ya chombo, penye maji ya ngama, ukingojea cheche moja tu. Jaketi mbovu zilitupwa na mpya zikanunuliwa.

Tatu, zikakatwa mbao mpya. Plaiwudi ya majini imeunganishwa kwa gundi isiyoyeyuka kwa maji. Mafundi wana njia yao ya kuijaribu: hukata kipande kidogo na kukichemsha kwenye sufuria. Kikiachana tabaka, hiyo si ya baharini. Hata iliyo nzuri hupakwa vanishi au rangi pande zote, hasa kwenye kingo na kwenye matundu ya skrubu, kwa sababu hapo ndipo maji hupitia.

Nne, sponji lilikatwa kwa kisu kirefu chenye meno, kama cha mkate, likizidi kipimo cha kitambaa kwa takriban sentimita moja kila upande. Ziada hiyo ndiyo hukijaza kitambaa kikakaa bila mikunjo, na pasipo mikunjo maji hayatuami.

Tano, ushonaji. Alitumia ngozi bandia ya vyombo vya majini, ambayo imetiwa dawa ya kuhimili jua na kuzuia kuvu, pamoja na uzi wa poliesta. Hatua za mshono hakuzifanya fupi mno. Matundu yakikaribiana sana, kitambaa huchanika kwa mstari kama stempu za posta. Upande wa chini wa kila takia aliweka kitambaa cha matundu kama chandarua, ili maji yanayoingia yapate pa kutokea. Alichagua rangi hafifu, kwani nyeusi juani huunguza mapaja ya abiria.

Mwisho, pini zilikuwa za chuma kisichoshika kutu. Alizijaribu kwa sumaku. Zile zilizonaswa kwa nguvu alizirudisha dukani. Gundi aliipaka nje penye upepo, mbali na sigara, kwa sababu mvuke wake hushika moto.

Je, gharama? Msomaji, sitakuficha. Vifaa vya baharini ni ghali kuliko vya kochi, na mzee aliguna aliposikia hesabu. Lakini alikuwa ameshalipa mara moja kwa kazi ya rahisi, na sasa alilipa tena. Mwenye pesa kidogo ni heri atengeneze benchi moja sawasawa msimu huu na la pili msimu ujao, kuliko kuyafunika yote mawili kwa mkupuo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Baada ya hapo kilichobaki ni utunzaji. Viti vioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi na sabuni laini kila baada ya safari. Dawa kali za kung'arisha nguo zisitumiwe, kwani hudhoofisha uzi. Chombo kikifunikwa kwa turubai, iachwe nafasi ya hewa kupita, la sivyo kuvu itarudi kabla ya kaskazi.

Liko jambo ambalo wengi hulisahau: sponji la zamani liende wapi? Nimeona watu wakilichoma ufuoni. Moshi wake una sumu, usiuvute wala usiwaache watoto karibu. Likitupwa baharini humeguka vipande vidogo ambavyo samaki na kasa hudhani ni chakula. Mwaka 2018 wenzetu wa Lamu walizindua jahazi dogo, Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kupambwa kwa ndara kuukuu zipatazo 30,000, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar kuwakumbusha watu wa pwani kwamba uchafu huu haupotei. Ngozi bandia iliyobaki nzima inaweza kushonwa mfuko wa vifaa. Kilichooza kipelekwe kwenye jaa.

Na wewe wa Nairobi au Nakuru utakayeileta familia Diani likizo ijayo, usitazame rangi ya viti pekee. Kabla chombo hakijang'oa nanga, bonyeza benchi kwa kiganja: likibonyea mbao pamoja na sponji, hama. Ukisikia harufu ya petroli, uliza. Omba jaketi za kuokoa maisha zitolewe, kila mtoto avae ya kimo chake, na uvute kamba uone kama zimeshika. Takia la kiti si jaketi. Lile lililonywa maji halitamwelesha mtu yeyote. Nahodha mwema hatachukia kuulizwa.

Nilipopita tena Shimoni kaskazi ilikuwa imeingia na bahari imetulia. Mzee alikuwa akipakia wageni. Alinionyesha benchi kwa kidole na kuniambia, "Sasa keti, mwanangu." Nikaketi, nikainuka mkavu.